Keria ya Kukalia Upande

Kisumu, Jumatano, 1994

Mvua imenyesha tangu alfajiri, karakana inavuja karibu na mashine ya kuchomelea, na bado leo siwezi kununa. Nimejaribu, nimeshindwa.

Tangu kiwanda cha nguo kitufungie lango na mimi nigeuke fundi wa vyuma hapa Kibuye, natengeneza keria, kile kiti cha nyuma ambacho vijana wa boda boda wanabebea abiria kwenye baiskeli. Kisha zikaja keria za ng'ambo kwenye maboksi, zinang'aa, bei ya kutupa. Mzee Njoroge, mwenye duka la baiskeli mjini, alinipa mpaka leo nimwonyeshe kwa nini aendelee kuchukua zangu. Akinikataa nafunga, narudi Ahero kulima mpunga ambao mafuriko huuvuna kabla yangu.

Sasa nikiri. Nilichofanya kwanza ni kuiga. Nilinunua moja ya ng'ambo, nikaipima inchi kwa inchi, nikatengeneza pacha wake. Hata jina la hapa sikuligonga kwenye chuma, nikiomba mteja adhani imetoka mbali.

Niliona aibu ya kutoka Kisumu.

Juzi Mama Atieno, anayeuza samaki jirani na karakana, alikuja kuijaribu. Akakaa upande, kama mama yeyote aliyejifunga leso anavyokaa. Mguu mmoja ukapata kikanyagio, wa pili ukaning'inia hewani.

"Baba Akinyi," akaniambia, "hii kiti yako ni ya wanaume. Ama unataka nipanue miguu sokoni watu wakiona?"

Nilicheka, halafu nikaitazama keria upya. Kila siku naona akina mama wakipita wamekaa hivyo, na bado niliweka kikanyagio kimoja huku na kimoja kule, kwa sababu fundi wa ng'ambo aliviweka hivyo. Yeye hajawahi kumwona Mama Atieno. Mimi je?

Niliving'oa vyote. Nikachomelea kimoja kirefu upande wa kushoto, miguu miwili itulie pamoja, na chuma cha kushika nyuma ya kiti.

Leo nilimpelekea Mzee Njoroge. Aliifunga kwenye baiskeli, akamwita mkewe kutoka dukani. Mkewe akapanda, akazungushwa hadi mwisho wa barabara, akarudi mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika mwavuli. Hakutaka kushuka.

"Niletee hizi," Mzee akasema. "Za maboksi namaliza zilizobaki tu." Kisha akainama, akaipapasa keria pande zote. "Na jina liko wapi, Bwana? Mtu akiipenda atajuaje arudi wapi?"



Kesho, kabla hata ya chai, nagonga KISUMU kwa herufi kubwa pale kwenye chuma cha kushika. Naanza na ile aliyoijaribu Mama Atieno.