Upande wa Kumimina

Jumatatu, 2 Juni

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, sufuria na mende, nimetangaza rasmi kwamba nimeacha sukari. Tangazo limepokelewa kwa utulivu. Mende hakusimama hata kidogo, alikuwa na safari zake.

Sababu ni Mzee Lin. Kasema ulimi wangu umelala na sukari ndiyo blanketi. Miaka mitatu ananifundisha chai ya Kichina, na kumbe muda wote nimekuwa nikifundishwa usingizini.

Nikanywa chai kavu. Hakuna sukari, hakuna tangawizi, hakuna hata andazi la kusingizia. Ladha: maji yaliyopita juu ya bati. Nimeandika hivyohivyo. Mzee anataka kila chai iandikwe ladha yake. Hakusema iandikwe kwa adabu.

Kisha ngazi, ghorofa sita kushuka. Lifti ilikufa kabla sijahamia mtaa huu wa Berea, huku kusini mwa Afrika. Ghorofa ya tatu mtu amekojoa tena. Yule yule. Namjua kwa harufu, sura sijawahi kuiona. Ulimi umelala, sawa, lakini pua iko kazini.

Jumatano, 4 Juni

Baridi ya kukata. Nimepunguza suruali saba, zote za wanaume wanaoamini kwamba tumbo litarudi.

Chumba changu cha cherehani kinatazamana na duka la chai la Mzee Lin, ghorofa ya kwanza, jengo la zamani katikati ya jiji. Juu yetu kuna kanisa. Wakicheza, vumbi la dari linaingia kwenye vikombe vyake. Anafunika vikombe, anasubiri roho itulie, anafunua.

Mzee kapita sabini. Kiswahili alijifunza kwetu alipokuwa kijana, akijenga reli. Kwa hiyo anachojua ni Kiswahili cha reli. Leta. Shika. Polepole. Hatari. Tena. Ukimsikiliza bila kumtazama utadhani anashusha mataruma, kumbe anapima majani.

Meza yake ina pande mbili: wa kunywa na wa kumimina. Mimi nakaa wa kunywa. Anayemimina ndiye anayejua. Nina miaka hamsini na minane. Kushona nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua suti ya marehemu mjomba na kuirudisha kabla ya mazishi. Hakuna aliyewahi kunikalisha mahali akaniambia, hapa sasa, wewe unajua. Nataka kukaa upande ule. Nimeandika. Basi.

Chai ya leo: ile nyeusi iliyoshindiliwa kama tofali, ya miaka kumi na tano. Harufu: ghala la dagaa Kigoma, mvua inavuja. Miaka kumi na tano na hakupatikana mtu wa kuitupa.

Na lazima uivute kwa sauti. Fyuuu. Mama yangu alinichapa kwa sauti hiyo hiyo.

Ijumaa, 6 Juni

Mambo yanayonichukiza kwenye meza ya Mzee:

Chura wa udongo anayekaa pembeni. Chai ya kwanza, ya kuoshea majani, anamwagiwa yeye. Anateleza, anang'aa. Mzee anampenda. Mimi namwona amenona kuliko sisi.

Wateja wa Jumamosi. Yuko Mkenya mmoja wa benki, mama mtanashati. Anafumba macho na kuishukuru dunia nzima, bara kwa bara. Akiondoka, kikombe kina rangi ya mdomo. Nani anakiosha? Hakuwemo kwenye shukrani.

Na kugonga meza. Ukimiminiwa, unagonga kwa vidole viwili, kimya. Hiyo ndiyo asante yao. Kwetu ukigonga meza unaagiza chapati. Wiki ya kwanza niligonga nikageuka nyuma kutazama nani anakuja.

Halafu habari yenyewe. Mzee anapasuliwa jicho Jumatatu. Mtoto wa jicho, la kulia. Wiki nzima haji dukani. Akatoa kibirika chake akanipa.

Kibirika hicho kinaenea kwenye kiganja. Udongo mwekundu. Hakijaguswa na sabuni tangu kinunuliwe, maji ya moto tu. Miaka arobaini ya chai imezama kwenye udongo mpaka nje kinang'aa kama goti lililopakwa mafuta. Ndani kuna ukoko mweusi ambao kwa mama yangu ungevunja uchumba. Udongo ukikaa mkavu muda mrefu unasahau, anasema Mzee. Kwa hiyo lazima kinyweshwe kila siku, chai ile ile moja.

"Kila siku chai. Sabuni hatari," akasema. Kisha akaonyesha kiti chake. "Mimi rudi. Wewe mimina."

Nimekibeba kifuani ndani ya soksi mbili hadi Berea. Kwenye robot, taa za barabarani za huku, nilimkanyaga mtu. Sikuomba radhi, mikono ilikuwa na kazi.

Jumapili, 8 Juni

Maji hakuna tangu jana. Jengo zima linanuka kama wazo baya. Choo tunachangia watu tisa. Sitaandika zaidi.

Nina lita kumi za dukani. Kibirika kinapata chake asubuhi na jioni. Mama Furaha ananitazama. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, msusi, chumba chake kimegusana na changu na jiko ni letu sote. Nywele za wateja wake nimezikuta kwenye sinki, kwenye siagi, mara moja kwenye yai. Ndani ya yai. Sijapata maelezo.

"Dada, ile chungu yako inakunywa kupita siye," akasema.

Nikajibu ni mgonjwa niliyeachiwa.

"Basi umupeleke hospitali. Siye choo inatushinda."

Kweli tupu, na iliniudhi kwa sababu hiyo hiyo. Nikampa lita mbili. Kibirika nikakipa lita moja. Nimeona aibu, nikaendelea.

Ladha ya leo: ghala lile lile, lakini nyuma yake kuna kitu kama ganda la muwa. Nimekunywa mara tatu kuhakikisha. Kipo.

Jumatano, 11 Juni

Maji yamerudi saa nne. Nilikuwa mjini.

Mama Furaha, kwa furaha ya maji, ameosha kila kitu. Sakafu, pazia, ndoo, mtoto. Nimefika jikoni nikakuta vyombo vimepangwa kwenye taulo, vinameremeta kama meno ya mchungaji. Na katikati, kwenye nafasi ya heshima, kibirika.

Kimepauka. Rangi ya tofali la kiwanda. Nikafungua kifuniko. Ndani kweupe. Sabuni ya limau na waya wa kusugulia sufuria.

"Ilikuwa muchafu, dada, haki ya Mungu. Nilisugua mpaka mukono ikachoka. Ni juu ya ile robe ya Furaha."

Gauni la kwaya. Nilimshonea binti yake mwezi wa nne, sikuchukua kitu. Mama wa watu alikuwa anatafuta pa kurudishia. Amepapata.

Alisimama pale ananisubiri niseme asante. Povu lilikuwa bado kwenye viwiko vyake. Nikachukua kibirika nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Nimekinusa mara nyingi. Limau. Miaka arobaini, na sasa limau.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejifundisha yote kwa kufumua. Basi hili nalo nitalishona.

Jaribio la kwanza: nimekichemsha kwenye sufuria ya chai nyeusi saa mbili nzima. Jiko limenuka ghala. Mama Furaha amefungua dirisha. Hatusemeshani. Kibirika kimetoka na mabaka, kama mtu aliyeungua na maji.

Jaribio la pili: mafuta ya nazi, yale ya nywele. Tone moja nje, nikasugua na kitambaa cha flana. Kikang'aa, nikashangilia. Mpumbavu. Nikaongeza. Udongo ukanywa. Nikaongeza tena. Sasa kinang'aa sana, na kinateleza, na ndani kinanuka saluni.

Nimekishika nikajiona nimeshika yule chura.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetunga uongo wa aina tatu.

Mmoja: jicho jipya linadanganya. Watu hutoka hospitali wanaona rangi zilizopauka, atazoea. Huu ni mzuri, lakini ni wa kumwibia kipofu.

Wa pili: hewa ya Berea. Moshi, baridi, udongo umeshtuka.

Wa tatu ni ukweli, ila kwa jina la Mama Furaha. Nao ni uongo pia. Nani alikiacha jikoni kwa watu tisa? Nani hakusema chombo hiki hakioshwi? Nilijua jambo moja ambalo wenzangu hawalijui, nikalikalia peke yangu. Nilitaka kuwa ndiye anayejua.

Nimejichukia siku nzima. Nimeshona zipu ya sketi upande usio wake. Mwenye sketi kasema eish, mshangao wa huku, mara nne.

Chai sikunywa. Sukari ipo juu ya kabati, naiona kutoka kitandani. Nimegeukia ukutani.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya vijana ya huku. Mji mtupu. Kanisa la juu halikucheza.

Mzee alikuja peke yake, kofia, miwani myeusi. Akaivua. Jicho lina wekundu kidogo pembeni. Akatazama chumba changu kutoka mlangoni mwake kwa muda mrefu, nyuzi, vitambaa, mimi.

"Fundi. Wewe mzee sana," akasema.

Nikasema jicho limepona.

Akakaa. Upande wa kunywa. Akanyoosha mkono kwenye kiti chake, tupu, kinanisubiri. Miaka mitatu nimekitaka kiti kile. Nikakaa nikahisi nimekaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Nikatoa kibirika kwenye soksi. Alikitazama kwa jicho zima. Uongo wa kwanza ukafa hapo hapo. Akasukuma majani mbele yangu.

Nikapasha maji. Nikaosha majani, nikamwagia chura. Nikajaza. Nikasubiri. Nikamimina. Hakuna kilichomwagika, nataka hilo liandikwe.

Mzee akavuta. Fyuuu. Akafumba macho, lakini si kama yule wa benki. Kama fundi anayesikiliza mashine.

"Sabuni," akasema.

Akavuta tena.

"Limau."

Uso ukakunjamana, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kukutana naye mbali.

"Nazi?"

Nikasema ndiyo. Kilioshwa nyumbani kwangu kwa kuwa sikumwambia mtu, na mafuta ni mimi, na mabaka ni mimi pia. Sikumtaja Mama Furaha. Nikaanza kuinuka nirudi upande wangu.

Akanizuia kwa kiganja. Kisha akanyoosha vidole viwili juu.

"Mke wangu," akasema. "Osha. Mara mbili."

Marehemu mkewe. Mara ya kwanza walipooana, aliona uchafu. Mara ya pili wanahamia hapa, aliona uchafu tena. Hayo nimeyapata kwa maneno ya reli, kipande kipande.

Nikauliza, sasa ile miaka arobaini ni mingapi? Akahesabu kwa Kichina, midomo inatembea.

"Kumi na moja."

Nilikibeba kifuani ndani ya soksi mbili. Nilimkanyaga mtu.

Nikamimina cha pili. Akashusha vile vidole viwili, akavigonga juu ya meza, mara mbili, kimya. Kwangu. Kwa chai ya sabuni na saluni. Hakuna aliyewahi kunigongea. Nikatazama ukuta mpaka macho yakakauka.

Akanywa yote. Alikunja uso kila funda.

"Tena," akasema.

Nikauliza itachukua muda gani kibirika kirudi. Akainua mabega. Anajifunza chai miaka hamsini, anasema, yuko darasa la kwanza. Mimi bado sijaandikishwa.

Jumanne, 17 Juni

Baridi. Suruali nne. Ghorofa ya tatu pamekauka, huenda amesafiri.

Jioni nimemkuta Mama Furaha jikoni, chai ya maziwa motoni, imepanda povu. Siku sita hatujasemezana. Akachukua kikombe changu, akanimiminia, akakiweka mbele yangu, kishikio kikinielekea.

Nikagonga meza kwa vidole viwili.

"Unataka nini, dada?"

Nikafikiri jinsi ya kueleza. Reli, kibirika, marehemu, gauni la kwaya, povu kwenye viwiko. Ni hadithi ndefu, na chai ilikuwa inapoa.

Nikasema, sukari.

Akanitilia vijiko vitatu. Nimekunywa yote.