Habari za Kengele na Mtoto Wake

Nyumbani,
14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe na shemeji? Goti lako limepoa, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Mimi sijambo, ila macho tu. Tundu la sindano siku hizi nalibahatisha.

Simu ilishakwambia kwamba binti yako amejifungua salama. Barua hii ikupe yaliyobaki.

Unajua wangu wawili walizaliwa njiti, wote mimba ikiwa ya miezi saba, na wote hawakukaa. Kwa yule wa pili, tumbo lilianza kukaza nikiwa napiga pasi. Nikasema ni uchovu, nikamaliza mashati yote kwanza. Ndiyo maana nesi wetu aliponiomba nizungumze na wajawazito waliowahi kupoteza njiti, sikukataa.

Kila Alhamisi nakaa nao kwenye benchi la kliniki. Nawaambia waguse shavu, kisha paji la uso. Tumbo laini kama shavu, tulia. Likiwa gumu kama paji, likalegea, likakaza tena, tazama saa. Likirudia mara nne ndani ya saa moja, njoo. Ukiona damu au maji, usihesabu chochote, njoo.

Kujifunza hakukuwashinda. Kilichowashinda ni aibu ya kufika na kuambiwa huna kitu. Basi tukaweka desturi: anayekuja, kumbe si uchungu, benchi zima linampigia makofi.

Binti yako alipigiwa mara tatu! Wenzake wakamwita Kengele. Mmoja akamtania, "Kengele, leo umelia kweli au umepita kusalimu?"

"Nimefuata makofi, mwenzangu. Nyumbani hakuna anayenipigia."

Mara ya nne, wiki ya ishirini na tisa, alikuwa kwenye cherehani na sare za shule zinamsubiri. Aliacha sindano imezama kwenye pindo, akaja. Siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Tumbo lilikuwa paji tupu. Wakamchoma sindano, wakamlaza wodini, nami nikakaa na kandambili zake mapajani kama mjinga. Jioni tumbo likalegea. Yeye akaomba chai. Mimi nikalia.

Amefika wiki ya thelathini na nane, mdogo wangu. Pindo lile aliliacha lisubiri, na mimi ndiye niliyemfundisha. Niache nijisifu leo tu.

Unaikumbuka kofia ya manjano uliyomfumia mwanangu wa pili alipokuwa kwenye kisanduku cha joto, ndogo kama kikombe? Nimeitunza miaka yote kwenye kopo la vifungo. Nilitaka mjukuu wetu atoke nayo hospitali. Nikaivuta huku, nikaivuta kule, ikamkalia utosini kama kifuniko cha chupa. Haikumwingia! Nesi alicheka hadi akashika kitanda, nami nikacheka naye.

Nisalimie shemeji, na jirani yako fundi viatu. Mungu awalinde, alilinde na goti.

Kofia nimeirudisha koponi. Fuma nyingine, kubwa.

Wako akupendaye,
Dada yako, mama mkubwa wa Kengele.