Ng'ombe Saba Zilizohesabiwa Kumi

Makongeni, Nairobi
17 Juni 1987

Mwanangu mpendwa Okumu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mamako. Hujambo huko Bara Hindi? Kifua kimepoa? Pilipili yao unaiweza? Kula, mwanangu, usisome na njaa. Sisi tu wazima, ni magoti ya baba yako tu.

Sasa sikia, maana nina habari ya furaha. Mwezi uliopita Uganda walibadilisha pesa ghafla. Redio ikasema shilingi mia ya zamani ni moja mpya, na katika kila mia serikali inakata thelathini, hata zilizo benki. Dadako Adhiambo alipiga foleni siku nzima kule Tororo, mtoto mgongoni, wanawake wakigawana njugu. Mzee mmoja alipofika dirishani akamwuliza karani, "Na mimi mwenyewe mnanikata wapi?" Watu wakacheka huku wanalia.

Mimi nilikosa usingizi. Pesa hizo za benki ndizo shemeji yako Owere alikuwa anaweka anunue ng'ombe kumi za mahari. Nawe unajua desturi yetu, ng'ombe zisipofika siwezi kukanyaga kwa binti yangu. Mtoto ameota meno na sijamshika.

Basi Jumapili ile nyingine Owere akaja mwenyewe, kofia mkononi. Akasema pesa iliyobaki inatosha ng'ombe saba tu. Baba yako mkubwa Odera akamrukia, "Kwani serikali yenu ndiyo ilikuwa inaoa?" Owere akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa jikoni, sufuria ya chai nimeishika mpaka ikanichoma.

Baba yako alisugua magoti yake kwanza, si unamjua. Halafu akasema, "Odera, mimi nimefanya kazi reli ya Kampala. Najua kulala na akiba na kuamka huna. Kijana amekatwa na serikali, nami nimkate tena? Akileta saba, nimehesabu kumi."

Odera alinung'unika mpaka kuku alipoletwa mezani.

Juzi tumepata habari ng'ombe zimefika nyumbani Ugenya, zote nzima. Jumamosi napanda basi la Tororo. Nimenunua shali, sabuni na sukari, na kila siku nafungua mzigo nafunga tena. Baba yako ananicheka. Naogopa huo mpaka, karatasi zao, lakini nitafika.

Odera anakusalimu, na Lydiah jirani, na nyanya yako anauliza kama umekonda. Mungu akulinde ugenini akurudishe kwetu na akili zako zote.

Mtoto nitambeba mgongoni mimi mwenyewe, nimwambie ana mjomba Bara Hindi.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mama yako, Apondi