Ulitaja Binza

Bariadi
12 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mmeamka salama, goti lake limetulia, na yule ndama aliyekuwa hasimami sasa ananyonya. Mimi mzima, ila vumbi la huku limenipa mafua yasiyoisha.

Nakuandikia kwa sababu simu yako inachajiwa kwenye sola ya baba mdogo Luhaga, na kila nikipiga anapokea yeye, halafu ukoo mzima unasikiliza. Barua nampa dereva Bundala, atakukabidhi mkononi.

Baba, nimechaguliwa. Chuoni kwetu kuna mpango unaitwa Vuka, wa sisi tuliotoka kwenye familia za ng'ombe na pamba, ambamo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Ukikaribia kumaliza diploma wanakusaidia kuvuka kwenda shahada. Kila jioni tunasoma Kiingereza, tunafundishwa kuomba nafasi, na juzi walitupeleka Mwanza tukakiona chuo kikuu kwa macho. Mwalimu Joakim anayetusimamia anasema Kisukuma chetu si aibu, bali tulirushwa kutoka Kisukuma hadi Kiswahili hadi Kiingereza bila mtu wa kutudaka.

Mwisho wa mwezi wageni kutoka chuo kikuu watakuja kutusikiliza. Kila mmoja atasimama aeleze alikotoka. Mimi nimeshachagua cha kusema. Sikwambii sasa, nataka usikie ikiwa imeshakwenda vizuri.

Msalimie mama sana.

Mwanao,
Scola


Lagangabilili
19 Mei 2024

Ng'wana wane, mwanangu Scola,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako liko vilevile, ila anachuma pamba kutushinda. Ndama alikufa. Wengine wazima.

Habari ya kuchaguliwa nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako, kisha akaniambia nirudie. Amefurahi. Na mimi.

Hao wageni waeleze habari za ng'ombe. Watu wa ofisini wanapenda sana habari za ng'ombe, hata wale wasioweza kumshika mmoja pembe. Eleza jinsi ulivyochunga ukiwa na kitabu mkononi, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi ya mzee Masele, nikakuchapa. Hiyo ni kweli na haimuumizi mtu.

Kunywa maji ya moto kwa mafua.

Baba yako,
Ngeleja


Bariadi
2 Juni 2024

Baba, shikamoo. Mama shikamoo.

Poleni na ndama. Mafua yameisha, nadhani yamefukuzwa na furaha.

Nilisimama juzi. Sikusema habari za ng'ombe, unisamehe. Nilimsema bibi.

Nilieleza kwamba nilikuwa darasa la sita mtoto Shigela alipofariki, na watu wakaanza kusema bibi ni mchawi, eti macho yake yanamsema, wakati macho yale ni mekundu kwa moshi wa jikoni kama ya bibi yeyote. Nikaeleza asubuhi ile vijana walipokuja na fimbo, bibi akatoka na godoro kichwani, na sisi watoto tukaambiwa tusilie kwa sauti. Nikasema mpaka leo anaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga Binza, kule Maswa, anauza karanga. Nikasema ndiyo maana nasoma maendeleo ya jamii na ndiyo maana nataka kuvuka.

Baba, watu waliguswa. Mama mmoja wa chuo kikuu alilia, akaja kunikumbatia. Mtu alinirekodi akaweka mtandaoni, na mpaka sasa natumiwa ujumbe na watu nisiowajua. Mwalimu Joakim anasema nafasi yangu ni kama imepatikana.

Sikutaja jina la baba mdogo Luhaga, baba wa Shigela, aliyekuwa mbele ya wale vijana. Nilisema tu "ndugu". Nilikuwa mwangalifu.

Mwanao,
Scola


Lagangabilili
7 Juni 2024

Scola,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi sijambo.

Ulitaja Binza.

Hapa watu wote walijua bibi yako alikwenda kwa wajomba zake Geita. Niliwaambia mimi, na nilihakikisha wanaamini. Wewe ulijua Binza kwa sababu nilikupeleka mwenyewe ukamsalimie, nikadhani huhitaji kuambiwa kwamba ni siri. Miaka yote hii nikisema nakwenda mnadani, mara nyingine nilikwenda mnadani na mara nyingine nilikwenda kwa mayu, mama yangu, na unga.

Luhaga ameiona hiyo rekodi. Alionyeshwa kwenye kituo cha kununulia pamba, tukiwa kwenye foleni ya mzani, watu wamejaa. Akaitazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Kaka," akasema, "kumbe mnada wako uko Binza?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala vizuri. Aliufunga mzigo wake, akausogeza kwenye mzani, akauza pamba yake, akaondoka.

Jumapili vijana wawili anaokaa nao walipanda bodaboda kuelekea Maswa. Wamerudi. Hawajasema walikwenda kufanya nini.

Usipige simu. Usije. Soma.

Baba yako


Bariadi
10 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Siwezi kuuliza habari za nyumbani kama kawaida. Barua yako niliisoma nimesimama stendi, Bundala akaniuliza kama kuna msiba.

Nimekwenda kwa mwalimu Joakim kumwomba rekodi iondolewe. Akasema ya kwake ataiondoa, lakini imeshasambaa kwenye simu za watu, haina tena mwenyewe. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Scola, una uhakika? Hiyo ndiyo inayokuvusha." Nikamwambia bibi yangu ana umri wa miaka zaidi ya sabini na kuna watu wanamtafuta. Akavua miwani, akakaa. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba watu ninaowasimulia bado wapo na wana anwani. Na mimi pia sikufikiri, baba.

Mtihani wa kwanza ni kesho. Jumamosi hakuna mtihani. Nakwenda Binza, hata ukikataa.

Scola


Bariadi
16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nilifika Binza jana. Bibi hayupo.

Mlango una kufuli jipya. Karanga zake zimeanikwa uani juu ya turubai, kuku wa jirani wanazila. Jiko liko nje. Ndala zake ziko mlangoni. Jirani yake ni fundi cherehani anaitwa Precious. Nikamuuliza, akasema Alhamisi asubuhi alikuja mwanaume wa kofia kwa bodaboda, wakabishana kidogo kwa Kisukuma, bibi akapanda, wakaondoka. Hakuaga.

"Alilazimishwa?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nilikuwa nashona. Nilimsikia bibi akisema hapana, hapana. Kisha sikumsikia tena."

Nimetoa taarifa kwa mtendaji wa kata na polisi. Wameandika.

Baba, ulisema nisipige simu, nimepiga. Amepokea baba mdogo Luhaga. Nikamwamkia. Akasema, "Baba yako hayupo. Una hotuba nyingine?" Nikakata.

Ni wewe uliyemchukua? Andika neno moja tu, ndiyo au hapana. Kama ni hapana, sijui nitaishije.

Scola


Bariadi
18 Juni 2024

Baba,

Gari la Bundala limekuja, limekwenda, limekuja. Hana kitu. Anasema nyumbani kwetu hakupita kwa sababu barabarani pale palikuwa na watu wengi wamesimama. Nikamuuliza watu wa nini, akasema hakuuliza.

Kesho asubuhi namaliza mtihani wa mwisho. Nikitoka pale napanda gari kuja, hata kama nitakuta nini.

Scola


Lagangabilili
18 Juni 2024, jioni

Ng'wana wane,

Ndiyo. Mwanaume wa kofia ni mimi.

Nisamehe kuchelewa. Sikuwa na mkono wa kuandika, na barua zako mbili Bundala amenipa sasa hivi pamoja. Anasubiri nje, gari linanguruma, kwa hiyo nakueleza kwa kifupi.

Nilimchukua mayu nikampeleka parokiani Maswa kwa masista. Nilitaka akae pale mpaka nitafute pengine, labda Shinyanga. Alikaa siku chache, kisha akaniita.

"Ngeleja, unanihamisha kama mbuzi. Nimejificha mpaka nimezeeka mara ya pili. Nipeleke kwangu."

Nikamwambia watamuua. Akasema, "Binza wangeniua na hakuna ambaye angejua jina langu. Nyumbani wakiniua, kila mtu atajua ni nani."

Nilimwita mtendaji wa kijiji, katekista na askari mmoja. Jana tumemwingiza mchana kweupe, kwa miguu, tukapita kituo cha pamba, mizani ikasimama. Wale watu aliowaona Bundala walikuwa pale kwa ajili yetu.

Luhaga alikuja na fimbo. Hakuinua, aliishika tu. Akaniambia mimi, hakumwangalia yeye, "Umemrudisha."

Mayu akamjibu, "Luhaga, nilikuzaa wewe. Kama ningekuwa nakula watoto ningeanza na wewe, ulikuwa mnene."

Watu wakacheka. Hata askari. Luhaga hakucheka, na mimi sikucheka, kwa sababu niliona midomo yake inatetemeka kama siku ile tulipomzika Shigela. Mtendaji akamwonya mbele ya watu wote. Leo asubuhi amefungua zizi, amechukua ng'ombe wake na wale vijana, ameelekea Meatu. Mkewe amekataa kwenda, amebaki na pamba. Ndugu yangu ni mmoja tu, Scola. Tulinyonya ziwa moja. Alipita pale nilipokuwa nimesimama, ng'ombe wake wakanijua, yeye hakunijua.

Usije kwanza. Na kitu kingine nisikufiche. Mayu amekukasirikia kidogo. Nilimwekea ile rekodi kwenye simu ya katekista. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mbona hakuniuliza?"

Jibu lake liko kwako. Tafuta wewe.

Baba yako


Bariadi
28 Julai 2024

Baba, shikamoo. Mama shikamoo. Bibi, kama unasomewa hii, shikamoo.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta lile jibu. Sikulipata. Sikumuuliza kwa sababu ningemuuliza angeweza kukataa, na nilikuwa naitaka ile hadithi.

Mambo ya chuo: nimepata nafasi. Matokeo yangu ni mazuri, kwa hiyo sijui kama ni alama au ni machozi ya yule mama wa chuo kikuu, na hakuna wa kuniambia. Alinipigia mwenyewe. Anataka nikifika nisimame tena siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, niseme vilevile, maana watakuja watu wakubwa. Nikamwambia siwezi. Akauliza kama naogopa jukwaa. Nikasema hapana, sijamuomba bibi ruhusa. Akasema sawa, nafasi yangu haihusiani na hilo, lakini sauti yake haikuwa ile ya mtu aliyenikumbatia.

Mwalimu Joakim amebadilisha zoezi lile. Kuanzia sasa mwanafunzi wa Vuka akitaka kumsema mtu aliye hai, sharti kwanza akazungumze naye. Wenzangu wengine ambao zamu yao inakuja wananinunia, wanasema nimewaharibia, hadithi zao sasa hazina makali.

Naomba kuja nyumbani kabla ya kuondoka. Bibi akisema nisije, nitakaa huku.

Scola


Lagangabilili
11 Agosti 2024

Scola,

Mwangaluka. Mimi ni bibi yako, Nyanjige. Nasema, baba yako anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema asinipambe.

Mimi mzima. Kifua kinanibana asubuhi. Mama yako ananipikia uji mwepesi mno, baba yako hataki kuandika hilo lakini ameandika.

Nilikasirika. Sasa nimepungua, sijaisha. Ulinisimulia kama mtu aliyefukuzwa. Kufukuzwa kulichukua asubuhi moja. Kabla ya hapo nilikuwa ninaimbia watu wa jembe, wanaume wanalima mpaka wanaanguka wakisikia sauti yangu. Nilizalisha nusu ya hao waliokuja na fimbo. Na Binza sikuwa nalia. Niliuza karanga kuliko yeyote mtaa ule, na Precious nilimfundisha kupika. Hayo yote uliyaacha, ukachukua godoro.

Hapa si kuzuri kama baba yako anavyosema kwa watu. Nikipita, akina mama wengine bado wanawaita watoto ndani. Luhaga hajaleta salamu. Baba yako analala kwenye mlango wangu kama mbwa, mgongo unamuuma, hataki kutoka.

Wiki iliyopita alikuja mke wa Luhaga, mama Shigela. Nilikuwa uani napukuchua mahindi. Akasimama mbali, kisha karibu. Hakuniamkia. Akaniuliza, "Mayu, ulimroga mwanangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Walikuja wanajua.

Nikamwambia, "Sikumroga."

Akasema, "Basi ni nini kilimuua?"

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Alikuwa na joto kali na hospitali ilikuwa mbali. Zaidi ya hapo sijui."

Nilidhani ataondoka. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua hindi. Tukapukuchua mpaka mahindi yakaisha. Alikuwa analia, mahindi yakalowa. Jana amekuja tena.

Njoo. Njoo peke yako, bila mtu wa kupiga picha. Nitakueleza ya kwangu, utachagua cha kusimulia na mimi nitachagua. Ila hii ya mama Shigela ni yake. Ukiitaka, kamuombe mwenyewe.

Bibi yako,
kwa mkono wa baba yako