Petroli Niliyomwaga Chooni

Mama Liz,

Ukirudi kutoka soko la Rangwe, usiingie chooni wala usiwashe moto karibu nacho. Watoto wakae kwa jirani, kwa Bhoke. Nimepitia tu kuchukua leso na gauni la kulalia la mama yangu. Amelazwa.

Ile petroli iliyoingia maji, ya injini ya boti, uliniambia niirudishe pale tuliponunua. Nikashikwa na uvivu. Leo asubuhi nikaimwaga yote chooni, nikajiambia angalau itaua mende. Sikumwambia mtu.

Mama akaingia na sigara yake. Unajua anavyovuta, ncha yenye moto ikiwa ndani ya mdomo kama wamama wa rika lake. Alipotupa njiti ya kiberiti shimoni, moto ukapanda. Ameungua miguu na mkono mmoja. Uso umenusurika.

~~Angevutia nje, haya yasingetokea.~~

Nimekata hiyo. Ni mimi niliyemfukuza akavutie chooni, eti moshi unawakohoza watoto.

Uji uko kwa thermos. Ile jerikeni ya petroli iko nyuma ya nyumba, bado inanuka. Liz asije akateka maji nayo! Nitairudisha mwenyewe.

Daktari alipouliza, Mama alisema hajui moto ulitoka wapi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Daktari alipotoka, Mama akanivuta shati kwa ule mkono mzima, akaninusa, akasema polepole, "Zablon, nenda uoge kabla hujashika kiberiti."

Baba Liz