Gunia la Wachuka

Jumanne, 9 Septemba 2025
Wachuka, mtoto wa dada yangu, amekuja kutoka chuo amekonda. Wazungu waliolipia utafiti wake wamekata pesa. Jarida limekubali makala yake — ile ya kiazi kisichougua mnyauko — lakini kuchapisha ni dola elfu mbili. Dola! Chuo kinasema hakina. Alilia jikoni. Nikamwambia atulie: mimi nilichangisha lori ya kanisa kwa asubuhi moja, Karatina yote inajua. (Ilikuwa pickup. Haidhuru.)

Jumapili, 14 Septemba
Harambee. Wachuka hakuja, ati aibu. Bahasha nyepesi — maisha imekaba kila mtu. Mzee Ngatia aliuliza tangu lini mwenye mali analipa ndio mali yake ichukuliwe.

Hata nusu hatukufika. Ikabaki mnada. Jogoo akaenda kwa bei ya huruma. Nikakumbuka gunia la viazi aliloacha Wachuka kwa stoo yangu baada ya kuvuna, akisema, "Uncle, chunga hili, ni la maana." Nikalibeba mwenyewe. Nikapaza sauti: viazi vya sayansi, havipatikani popote duniani! Umesh wa hardware na Mugo wa mahindi wakashindana mpaka watu wakapanda juu ya benchi. Umesh akashinda, halafu kama ilivyo desturi akawapa akina mama wapikie wageni. Vikapondwa vyote, vikawa mukimo. Nilikula sahani tatu. Pesa ikatosha, na ya soda ikabaki.

Jumatano, 17 Septemba
Wachuka amepiga simu akicheka. Sijamsikia akicheka mwaka huu. Amelipa. Mvua ya Oktoba anataka kupanda mbegu, agawie wakulima. Za kituo cha utafiti zilioza zote, stoo ya baridi ilizimwa pesa ilipokatwa.

"Uncle, duniani kote imebaki gunia yako tu."

Nikasema sawa.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimeenda kwa Mama Njoka, mkubwa wa wapishi. Kuna hata kiazi kimoja kilianguka chini ya meza? Akanicheka — Theuri, bado uko na njaa? Maganda walipewa nguruwe. Nikasimama hapo kwa nguruwe mpaka akaniuliza nimepoteza nini.

Jumamosi, 20 Septemba
Wachuka amefika na kreti za kupangia mbegu. Ameniletea makala, imechapwa. Mwishoni, kwenye shukrani, jina langu: Theuri, kwa kuhifadhi mbegu. Dada yangu ameisoma kwa sauti mara mbili.

Ameuliza ufunguo wa stoo. Nimemwambia amalize chai kwanza.

Sasa namsikia anasuuza kikombe —