Maandishi Mekundu ya Mwau

Matinyani, Kitui

Wifi yangu mpendwa Ndunge,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe na watoto hapo Makindu mko salama, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Sisi ni wazima. Mbaazi zimezaa, na ule mlimao wa kaka yako hatimaye umetoa maua.

Unakumbuka marehemu Mwau alitutengenezea tovuti ya kikundi chetu cha kusuka vyondo kabla hajatuacha. Kila mama huingia kwa namba ya simu na neno la siri ili aone oda zake. Ukikosea, maandishi mekundu hutokea chini ya kisanduku, na kaka yako aliyaandika vile alivyokuwa akiongea. Ukiruka tarakimu yanasema, "Namba haijatimia, mama. Polepole, hakuna anayekufukuza." Ndivyo alivyoniambia kila nilipommiminia chai.

Mwezi jana alikuja Yvonne, fundi wa kompyuta kutoka Kitui mjini, kuitengeneza upya. Alituambia mkutanoni kwamba kuna mama hukosea karibu kila jioni, kwa hivyo maneno hayo yanachanganya watu. Atayafuta, aweke "Kosa" tu. Alipotaja jina, lilikuwa langu. Mwongeli, mwenzetu wa kikundi, akauliza kwa sauti kubwa inakuwaje mwenye nyumba ashindwe na mlango uliowekwa na mumewe. Wakacheka. Mimi niliona nikimpoteza Mwau mara ya pili, na kwa mkono wangu mwenyewe.

Ikabidi niseme ukweli. Niliwaambia namba na neno la siri navijua vizuri sana. Hukosea makusudi, ili anisemeshe.

Mwongeli akasema hata yeye hukosea, kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine anayemrekebisha kwa upole. Tulicheka mpaka Yvonne akapangusa macho. Akakubali maneno yabaki, tena akasema yanaonyesha kosa liko wapi vizuri kuliko hilo "Kosa" lake.

Sasa wifi, kuna jambo nimekuficha. Wanakikundi wote wanakujua, na kila mara wananiuliza utakuja lini. Ukitaka kujua sababu, fungua tovuti, acha visanduku vyote viwili bila kitu, ubonyeze "Ingia". Kaka yako atakujibu: "Umekuja mikono mitupu kama dada yangu wa Makindu! Karibu hivyo hivyo, lakini jaza namba kwanza."

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Na ukija, tafadhali usibebe chochote.

Ni mimi wifi yako,
Kalunde